Watoto Wetu Tunawatakia Nini?

Hotuba waliyosomewa wazazi wa Kiislamu wa Kabazana, Nakivale

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, nimeombwa niseme maneno machache juu ya watoto wetu na yale tunayoyatumaini kwao. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha na kwa hofu pia. Kwa furaha, kwa kuwa hapana jambo lililo karibu na moyo wa mzazi kuliko hili. Na kwa hofu, kwa kuwa jambo lililo karibu na moyo ndilo gumu kulisema kwa ukweli. Basi nawaomba mnisikilize kwa subira, na lile mtakaloliona si sawa mnisahihishe baada ya swala, kama ilivyo desturi yetu.

Sisi tuliokusanyika hapa tumetoka pande mbali mbali. Wako waliotoka Kivu na Maniema, ambako Kasongo ni mji wa Waislamu tangu zamani. Wako waliotoka Buyenzi ya Bujumbura na Rumonge iliyo kando ya ziwa. Wako Warwanda, wako ndugu zetu Wasomali wa Base Camp, na wako wenyeji wetu Wanyankole wa Isingiro na Mbarara, ambao nchi ni yao nao wakatupokea. Wengi wetu tulipofika tuliandikwa majina katika kituo cha kupokelea watu hapa hapa Kabazana, tukiwa hatuna kitu mkononi illa watoto wetu. Nyumba ilibaki, shamba lilibaki, duka lilibaki, na makaburi ya wazee wetu yalibaki. Watoto ndio mali tuliyovuka nayo mpaka. Kwa hiyo si ajabu kwamba matumaini yetu yote tumeyaweka juu ya vichwa vyao. Lakini yatupasa kujiuliza: je, mzigo huo tumeufunga vizuri, au tumemtwika mtoto vitu vitakavyomvunja shingo?

Ukimwuliza mzazi wa Nakivale anamtakia nini mwanawe, aghalabu utapata mojawapo ya majibu matatu. Wa kwanza atasema, "Nataka asafiri, aende nchi za mbali akapate maisha." Wa pili atasema, "Nataka anisaidie, maana nimechoka." Wa tatu atasema, "Nataka abaki Mwislamu, mengine Mungu ajua." Majibu yote matatu yana haki ndani yake, wala sikuja hapa kumlaumu mtu. Lakini kila jibu lina hatari yake, na hatari hizo ndizo nitakazozieleza.

Nianze na safari. Hapana asiyejua kwamba tangu miaka mingi jamaa zetu huitwa, huhojiwa, hupimwa afya, kisha hupelekwa Marekani, Kanada, Australia na nchi za Ulaya. Aliyesafirishwa tumemfurahia, na fedha alizotuma zimewalisha wengi. Lakini hesabu ni hesabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, yaani UNHCR, limesema mara nyingi kwamba wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka mmoja hawafiki mmoja katika kila wakimbizi mia wa dunia nzima. Tena mlango huo haumo mikononi mwetu. Mwezi wa Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kupewa siku ya kuondoka, wengine wamekwisha kuuza vyombo vyao, walirudi kukaa pale pale walipokuwa.

Msiba wa jambo hili si kule kungoja, kwani kungoja kwa subira ni ibada. Msiba ni mtoto anapongojeshwa pamoja nasi. Yuko mzazi anayesema, "Kwa nini nimwandikishe shule hapa? Mwaka ujao hatupo. Kiingereza atajifunza huko huko." Mwaka ujao ukafika, na wa pili, na wa tano, na yule mtoto aliyekuwa na miaka saba sasa ana miaka kumi na miwili, hajui kusoma barua ya safari hata ikija. Ndugu zangu, miaka ya mtoto haisimami kungoja faili. Mwenye kusoma akisafiri, elimu itasafiri naye, wala haina uzito katika ndege. Naye asiposafiri, elimu itamkalisha hapa kwa heshima. Basi kwa safari na kwa kukaa, mwenye kusoma hakupata hasara. Asiyesoma ndiye aliyecheza bahati nasibu kwa miaka ya mwanawe.

Na tuitazame ardhi tunayoikalia. Makazi haya ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Nao walidhani watakaa kwa muda mfupi tu. Wengi walikaa zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo baadhi ya wazazi waliuza ng'ombe, wakalima, wakajinyima, wakawapeleka watoto wao shule za Ankole, na wako waliofika hata Ntare School ya Mbarara, iliyofunguliwa mwaka 1956. Siku mambo yalipobadilika, waliokuwa na elimu walikuwa na la kufanya, wakiwa wamerudi kwao au wamebaki hapa. Simwambii mtu kwamba atakaa miaka thelathini. Hilo ni siri ya Mungu. Nasema kwamba mzazi mwenye akili humsomesha mwanawe kama atakayekaa, na humwombea kama atakayeondoka kesho.

Sasa nije kwenye jibu la pili, la mzazi anayetaka kusaidiwa. Jambo hili ni la haki. Wema kwa wazazi umeamrishwa na dini yetu mara tu baada ya kumwabudu Mungu mmoja, wala mtoto asiyewakumbuka wazee wake hana baraka. Tena hali ni ngumu. Posho tuliyokuwa tukipewa imepunguzwa mara kwa mara. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani liligawa watu katika makundi kwa kadiri ya uhaba wao, na mwaka 2025, kwa kukosa fedha, likawaondoa wengi katika orodha ya chakula nchini Uganda. Mama aliyeondolewa katika orodha hiyo, tukimwambia amwachie binti yake asome, naye hajui watoto watakula nini jioni, yafaa tumwambie kwa upole na kwa msaada, si kwa kumkaripia.

Hata hivyo kila mkulima aliye hapa ajua tofauti ya mahindi ya kula na mahindi ya mbegu. Njaa ikikaza, mkono huenda kwenye kibuyu cha mbegu. Ukiila mbegu utashiba usiku mmoja, na mvua zitakapokuja utatazama wenzako wakipanda. Mtoto anayetolewa shule akachunge mbuzi wa watu, au akauze maandazi barabarani tangu asubuhi, au akabebe mizigo sokoni, ndiye mbegu tuliyoila. Kazi za nyumbani ni malezi. Kuteka maji baada ya shule, kulima siku ya mapumziko, kumsaidia mama kupika, hayo humfanya mtoto kuwa mtu. Lakini kazi inayoichukua asubuhi ya mtoto imeuchukua na mchana wake, nao ni utu uzima wake.

Na hapa sina budi kulisema jambo la mabinti, ijapokuwa najua ni zito. Baadhi yetu, binti akifika miaka kumi na nne au kumi na mitano, humtafutia mume. Hoja yao huwa ni kumlinda na aibu, na wengine husema wazi kwamba chakula hakitoshi. Kwanza, sheria ya nchi hii iliyotupokea iko wazi: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa. Mgeni mwema hufuata sheria ya nyumba. Pili, tufanye hesabu. Shule ya msingi ni miaka saba, sekondari ni minne, na ya juu ni miwili, jumla miaka kumi na mitatu. Binti aliyeanza na miaka sita humaliza yote akiwa na kama miaka kumi na tisa. Hapo bado ni kijana, na mume mwema bado atampata, tena atampata akiwa anajua kusoma dawa ya mwanawe na kuhesabu fedha yake. Aliyechelewa kwa sababu ya vita na njia, na aongezewe subira, asikatwe. Tukumbuke kwamba mama wa waumini, Bibi Aisha, alikuwa mwalimu ambaye sahaba wakubwa waliuliza mambo ya dini kwake. Dini yenye mwalimu kama huyo haiwezi kutumiwa kuwa kisingizio cha kumnyima binti kalamu.

Jibu la tatu ni la mzazi anayeihofia dini ya mwanawe. Hofu hii nayo haikuzuka bure. Katika nchi zetu nyingi shule za kwanza zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu aliyeingia humo aghalabu alitakiwa kubadili jina na dini. Wazee wa Uganda, wa Kongo na wa pwani waliwazuia watoto wao, na mtu mwenye insafu hawezi kuwalaumu. Lakini matokeo yake twayajua. Katika Uganda Waislamu wengi walibaki katika uchinjaji, udereva na biashara ndogo, kazi za halali na za heshima, ila ofisi na hospitali na mahakama zikajazwa na wengine, na Mwislamu akawa mtu wa kuandikiwa barua.

Walitokea wazee walioliona jambo hili mapema. Mombasa alikuwako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937, na kabla yake alitoa magazeti, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu waamke katika elimu ya dini na ya dunia pamoja. Katika Uganda, Prince Badru Kakungulu alitoa ardhi yake katika kilima cha Kibuli, Kampala, ukajengwa msikiti na shule, na katika miaka ya 1940 Waislamu wakaunda chama chao cha elimu ili mtoto asome bila ya kuuza dini yake. Na Mombasa tena, katika miaka ya mwisho ya 1940, kilianzishwa chuo kilichojulikana kwa jina la MIOME, kwa fedha za Waislamu wa madhehebu mbali mbali, kiwafundishe vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki kazi za ufundi. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951, na leo mahali pale ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Na hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988. Basi sababu waliyokuwa nayo wazee wetu ya kuogopa shule imepungua sana, na hofu ikibaki baada ya sababu yake kuondoka huwa ni mazoea tu.

Dini ya mtoto hailindwi kwa kumnyima shule. Hulindwa nyumbani na katika madrasa. Mtoto anayemwona baba yake akiamka alfajiri, akipima kwa haki sokoni, akinyamaza anapokasirika, huyo hata akisoma katika nchi ya mbali atajua yeye ni nani. Naye aliyekaririshwa juzuu nyingi huku akisikia matusi na uongo nyumbani, hakulindwa. Kwa hiyo nawaomba waalimu wetu wa madrasa wapange saa zao zisigongane na saa za shule, na wazazi wasimfanye mtoto achague kati ya Kurani na kitabu cha hesabu. Mchana wa Mungu ni mrefu. Una nafasi ya yote mawili.

Ndugu zangu, katika Kurani imo sura iliyoitwa kwa jina la Luqman, na ndani yake mna wasia aliompa mwanawe. Alimwusia kumpwekesha Mungu, kusimamisha swala, kuamrisha mema na kukataza maovu, kusubiri, kutowafanyia watu kiburi, kutembea kwa kiasi na kuishusha sauti yake. Na katikati ya wasia huo imetajwa haki ya wazazi. Tazameni ajabu ya wasia huu: hakumwambia awe tajiri, wala hakumchagulia kazi. Alimfundisha awe mtu wa namna gani, na kazi akaiacha. Sisi aghalabu twafanya kinyume. Tumemchagulia mtoto kazi, awe daktari, awe wakili, awe mkubwa katika shirika; na ule utu wa kuibebea kazi hiyo hatukumfundisha.

Si watoto wote watakaokuwa madaktari. Mbarara iko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1989, na natumaini watoto wetu watafika hapo; na uko msaada wa masomo uitwao DAFI, ulioanzishwa na Ujerumani pamoja na UNHCR mwaka 1992, ambao umewafikisha wakimbizi wengi chuo kikuu. Lakini nafasi hizo ni chache na wanaozitaka ni wengi. Mtoto ambaye mikono yake ina akili kuliko kalamu yake na apelekwe akajifunze useremala, ushonaji, umeme, ujenzi au ufundi wa pikipiki, wala mzazi asione haya. Nabii Daudi alifua chuma, Nabii Zakaria alikuwa seremala, wala daraja zao hazikushuka.

Wako watakaoniuliza, "Wewe wasifu shule, na kijana wa jirani amemaliza sekondari, leo amekaa tu barazani. Shule imemfaa nini?" Swali hili ni la kweli, nami sitalikimbia. Elimu si ahadi ya mshahara, na aliyewaambia watoto kwamba ni ahadi amewadanganya. Lakini tumtazame kijana yule vizuri. Anasoma barua za mtaa mzima, anajaza karatasi za wazee, anajua haki yake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imemruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufanya biashara katika nchi hii. Mwenye kujua hayo ataweza kuyatumia siku nafasi itakapofunguka, na asiyejua hataiona nafasi hata ikipita mlangoni pake. Upungufu wa kijana yule hautoki katika kusoma kwake. Umetoka katika sisi kumwacha peke yake siku aliyomaliza, tukidhani kazi yetu imekwisha. Mtoto aliyemaliza shule ataka kushikwa mkono mara ya pili, apewe mtaji mdogo, au fundi wa kumfuata, au mzee wa kumsemea.

Liko jambo jingine linalowavunja moyo wengi. Mtoto alikuwa darasa la sita Uvira au Bujumbura, akisoma kwa Kifaransa. Amefika hapa, masomo ni kwa Kiingereza, akarudishwa darasa la tatu, akakaa na watoto wadogo. Mtoto huona haya, na baba huona haya zaidi, akamtoa. Nasema, haya hiyo ni ya miaka miwili tu, na ujinga ni wa maisha. Mwambieni mtoto kwamba akili yake haikurudi nyuma. Ni lugha tu inayomngoja mlangoni, na lugha hujifunzwa. Tena tusidharau lugha tuliyo nayo. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari, na mwaka huo huo Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilikwisha kuingia tangu mwaka 2007. Nchi hii yahitaji waalimu wa Kiswahili. Watoto wetu wamekinyonya pamoja na maziwa. Wakikisoma kwa kanuni zake, wanaweza kuwa waalimu wa wenyeji wao. Nayo itakuwa shukrani njema ya mgeni kwa mwenye nyumba.

Sasa yatupasa tufanye nini? Nitataja mambo manne, yote yako ndani ya uwezo wetu, hata wa aliye maskini.

La kwanza, kila mzazi amjue mwalimu wa mwanawe kwa jina na kwa sura, aende shuleni walau mara moja katika muhula. Mtoto ambaye baba yake anajulikana shuleni hachezewi wala hapotei.

La pili, karatasi za mtoto zitunzwe. Ripoti zake, vyeti vyake vya kuzaliwa na vya mitihani, vifungwe mahali pakavu pamoja na karatasi za familia. Wengi wamekosa nafasi si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa karatasi.

La tatu, jamaa yetu ya Waislamu ianze kuweka sanduku la elimu. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi za serikali tangu mwaka 1997, lakini kalamu, daftari, sare na chakula cha mchana havikufutwa, na hivyo ndivyo vinavyomrudisha yatima nyumbani. Kila Ijumaa tukitoa kidogo kidogo, na hesabu ikasomwa mbele ya watu, hatashindwa yatima hata mmoja wa mtaa wetu kwa sababu ya daftari.

La nne, ambalo ni gumu kuliko yote, tuwasikilize. Nabii Ibrahim alipoona katika ndoto amri juu ya mwanawe, hakumkamata kwa nguvu. Alimweleza, akamwuliza yeye aonaje, na mtoto akajibu kwa adabu na imani. Ikiwa Nabii, naye ana amri itokayo kwa Mola wake, alimwuliza mwanawe, basi mimi na wewe tusio na wahyi tuna udhuru gani wa kutomwuliza kijana anataka kuwa nani? Kumwuliza si kumwachia. Ni kumfanya aitembee njia kwa miguu yake mwenyewe, kwani mtoto aliyebebwa katika njia asiyoitaka huteremka mara baba anapochoka.

Ndugu zangu, hatujui watoto hawa watazikwa wapi. Sisi tulidhani tunajua habari zetu, tukaona yaliyotufika. Huenda mmoja wao atalala Kasongo, mwingine Mbarara, mwingine katika mji wa baridi ambao hatuwezi hata kulitamka jina lake. Hatuwezi kuwapa nchi, maana nasi hatuna. Hatuwezi kuwapa mali, maana tumeiacha. Twaweza kuwapa dini, adabu, elimu na kazi ya mikono, vitu vinne ambavyo hakuna askari wa mpakani awezaye kuvinyang'anya. Tukiwapa hivyo, tumewapa urithi. Na tukiwanyima, hata tukiwafikisha Ulaya, tumewafikisha mikono mitupu.

Namwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, awape elimu yenye manufaa na riziki ya halali, awahifadhi mabinti zetu na vijana wetu, awarehemu wazazi waliotutangulia, na alipe mema wenyeji wetu waliotupa ardhi ya kukaa. Na sisi wazazi atujaalie tuwe wema kwa watoto wetu kabla ya kuwadai wema wao. Amin.